Pesa ya Mjerumani Yenye Mwaka wa Hijria

Katika maduka ya vitu vya kale ya Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, mgeni hukimbilia rupia za fedha zenye sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili. Mwenye kuijua historia ya pwani hutafuta kwanza pesa ya shaba. Ni sarafu ndogo tu, lakini hiyo ndiyo iliyonunulia watu samaki na muhogo.

Pesa hiyo haikutolewa na serikali, bali na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliikodisha ukanda wa pwani ya bara. Watu wa Pangani na miji mingine, Abushiri bin Salim akiwa mbele, waliikataa kwa silaha hadi Berlin ikaleta jeshi. Sarafu zilianza kutoka mwaka 1890, vita vikiwa ndiyo kwanza vimetulia.

Iangalie kwa karibu. Upande mmoja yupo tai wa Ujerumani, amezungukwa na jina refu la kampuni. Igeuze: hakuna hata herufi moja ya Kijerumani. Ndani ya shada la majani kuna Kiarabu kitupu kinachoitaja kampuni hiyo, na mwaka wake ni 1307 wa Hijria. Zikafuata za 1308 na 1309, basi.

Kwa nini Mjerumani aliyeshinda vita aandike Kiarabu? Kwa sababu soko halikuwa lake. Sayyid Barghash bin Said, Sultani aliyemtangulia Khalifa, alikwisha kutoa pesa yake ya shaba, yenye picha ya mizani, mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Pesa za Bara Hindi nazo zilikuwa zimeenea, 64 kwa rupia moja. Kampuni ikafuata hesabu ileile ya 64, na rupia yake ikalingana uzito na ya Bara Hindi. Sarafu ambayo muuza duka hawezi kuisoma wala kuibadilisha angeirudisha.

Mwaka 1904 mambo yaligeuka. Serikali ya kikoloni ilileta hela, 100 kwa rupia, zenye taji na mwaka wa Kizungu. Kiarabu kikaondolewa. Unguja nayo ikaingia katika hesabu ya mia: mwaka 1908 Sultani Ali bin Hamud alitoa senti zake, ambazo leo ni adimu kuliko hela nyingi.

Shaba hizi zinaharibiwa na mapenzi ya watu. Ukikuta pesa ya 1307 kwenye sanduku la bibi, tafadhali usiisugue kwa ndimu na majivu. Ukiing'arisha, unaondoa maandishi pamoja na thamani yake. Ifunge kwenye karatasi kavu, na uandike jina la bibi na mtaa ilikotoka.