Kanga Moja Yatosha

Katika sanduku la marehemu mama niliikuta picha moja tu ya mdogo wangu wa kike. Alipigwa mwaka 1958, akiwa na miezi saba, katika studio moja mjini Tanga. Mwaka uliofuata surua ilimchukua. Mara nyingi nimeitazama picha ile nikiutafuta uso wake. Ninachokiona ni kofia ya sufu iliyoshuka hadi machoni, gauni la marinda lililoazimwa kwa jirani, na mwanasesere wa studio aliyekaribia kumzidi mtoto mwenyewe kwa ukubwa. Mtoto yumo, lakini haonekani.

Simlaumu mama. Alitaka mwanawe aonekane mtoto wa watu. Tena desturi ya mapambo kumzidi mtoto haikuanzia kwetu. Njia ya Daguerre ya kupiga picha ilipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, mtu alihitaji kutulia tuli kwa muda mrefu, na mtoto mchanga hajui kutulia. Basi wapiga picha wa Ulaya na Marekani walimfunika mama shuka gubigubi, akawa kama kiti, naye akamshikilia mwanawe kwa ndani. Mabamba makavu yaliyotokana na ugunduzi wa Richard Maddox wa mwaka 1871 yalipoenea, picha ikawa ya kufumba na kufumbua, na mama akapata nafasi ya kutoka chini ya shuka.

Mavazi nayo yalikuwa na sababu zake. Huko watoto wa kike na wa kiume walivishwa gauni jeupe, kwa kuwa lilirahisisha kubadilisha nepi na pamba nyeupe huvumilia kuchemshwa. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa na gauni na nywele ndefu, wala hakuna aliyeshangaa. Urahisi ule ulitoka kwenye beseni la kufulia.

Barani Afrika studio zilikuwa na hazina yake ya vitu vya kuazima. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, alianza kwa kutumia shuka la kitanda chake kama pazia la nyuma, lakini wateja aliwapa saa, kalamu na redio wapigie picha. Mtu mzima akishika redio isiyo yake, anatuambia anachokitamani, na hiyo ni habari ya kweli. Mtoto mchanga hatamani redio wala mwanasesere. Pambo analowekewa ni ndoto ya mzazi wake.

Hayo niliyawaza mkamwana wangu alipokuja na mfuko wa vitu vya kumpigia mjukuu picha: taji, mabawa ya manyoya, kigari cha plastiki.

"Baba, bila hivi picha itakuwa tupu," alisema.

Sikubishana naye. Nilimwonyesha picha ya Tanga. Aliishika muda mrefu, kisha akauliza, "Macho yake yalikuwaje?" Nikashindwa kumjibu. Nilikuwa na miaka sita alipofariki, na sikumbuki.

Akauweka mfuko kando. Tulitandika kitandani, karibu na dirisha, kanga kuukuu ya mama, tukaigeuza upande uliopauka ili maua yake yasishindane na uso. Mtoto tulimvisha fulana nyepesi isiyo na maandishi wala kola ya kumpanda kidevuni. Kofia hatukumvisha. Mkononi alishika kidole gumba cha baba yake, akakivutia mdomoni.

Picha ile ninayo. Alama ya mbu shavuni inaonekana, na macho yote mawili yamefunguka. Siku mtu wa ukoo huu atakapouliza mtoto huyu alifanana na nani, hatalazimika kukisia.