Kutoka Ras Jimbo Kwenda Ziwa Jipe: Vigingi Vinavyosubiri Fungu

Barabara ya Tanga kwenda Horohoro ni kilomita 65 za lami. Unapita Amboni na mashamba ya mkonge, unaipita Duga Maforoni, halafu unakuta geti: foleni ya malori, dirisha la Uhamiaji, maofisa wa TRA. Wasafiri wengi hudhani mpaka wa Tanzania na Kenya ndio huo. Lakini mstari wenyewe unaanzia baharini, kwenye mikoko, na mwenye kutaka kuufuata lazima aiache lami ashuke upande wa Jasini.

Mstari huo ulichorwa Ulaya mwaka 1886. Waingereza na Wajerumani walikubaliana uanzie mdomo wa Mto Umba, uende moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha unyooke mpaka Ziwa Victoria. Sayyid Barghash wa Zanzibar, mwenye pwani, aliletewa shauri likiwa limeshakatwa, akaachiwa ukanda wa maili 10. Wadigo, Wasegeju na Wavumba, waliokuwa wakizikana na kuoana pande zote za Umba, hawakuulizwa na mtu.

Mwaka 1892 wakaja wapimaji. Upande wa Uingereza alikuwa C. S. Smith, upande wa Ujerumani Karl Peters, huyohuyo aliyefukuzwa kazi mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata mstari ukahamishwa uanzie Ras Jimbo badala ya mdomo wa mto. Ndiyo maana Umba, unaozaliwa katika milima ya Usambara, unakwenda kumwaga maji yake Vanga, ndani ya Kenya.

Damu ilimwagika kwa ajili ya mstari huu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikuwa wameshika Jasini, upande wa Wajerumani, na tarehe 18 Januari 1915 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akawavamia. Kesho yake kikosi kilichozingirwa kikasalimu amri. Kamanda wake, Raghbir Singh kutoka Kashmir, alikuwa ameshauawa. Lettow-Vorbeck alishinda, lakini alitumia risasi zipatazo 200,000 na kupoteza maofisa asioweza kupata wa kuziba nafasi zao. Tangu hapo akaacha mapigano ya namna hiyo, akawa anavizia reli ya Uganda. Askari wa Kiafrika na wa Kihindi waliofia katika mashamba yale ya mkonge walikufa kwa sababu ya mstari ambao wengi wao hawakuwahi kuuona umeandikwa popote.

Nje ya kijiji cha Jasini nilioneshwa nguzo ya mpaka ya saruji, fupi kama kinu. Namba yake imefutika. Kuisoma ilibidi niipapase kwa kidole. Huku mihogo, kule mihogo, na tuta limepita ubavuni mwake bila kukatika. Nikatazama kutafuta nguzo ya pili, nisiione. Kati ya moja na nyingine ni vichaka, na mtu mgeni hana namna ya kujua amesimama nchi gani.

Hapo ndipo ninapotaka wabunge wetu wasimame. Kijiji cha Tanzania hakiwezi kupimwa sawasawa, wala kutoa hatimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ikiwa ukingo wake mmoja ni mpaka wa taifa usioonekana. Mkulima anapalilia miaka 20, kisha anaambiwa shamba ni la nchi jirani. Mfugaji anakamatiwa ng'ombe kwa kosa la kuvuka kitu ambacho hakuna aliyemwonesha. Hawa ndio wanaolipia uzembe wa miaka mingi, na wanalipa peke yao.

Wapo wanaosema tujenge ukuta au uzio, tukomeshe magendo na njia za panya. Nawaelewa, kwa sababu sukari na mafuta ya kula yanayopita usiku kupitia bandari bubu yanaipunguzia serikali mapato. Lakini jambo hilo limeshajaribiwa kwa jirani zetu. Kenya ilianza uzio mpakani mwa Somalia, huko Mandera, mwaka 2015, baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab. Machi 2019 Bunge lao likapiga kura usimamishwe, ilipobainika kuwa shilingi bilioni 3.4 za Kenya zimekwisha na uzio uliosimama ni wa kilomita 10. Mpaka wetu na Kenya unazidi kilomita 700. Na hapa hatuna vita. Tuna watu wa Jasini wanaokwenda Vanga msibani na kurudi jioni. Wakati Tanzania ilipoufunga mpaka, kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983, malori yalisimama, lakini ukoo haukufungika. Uzio ungewatesa haohao, huku mwenye jahazi la magendo akipita baharini.

Nguzo za saruji na mkuza uliofyekwa ni kitu kingine. Havimzuii mtu kwenda kuzika, bali vinamwambia alipo. Mipaka ya wakoloni sisi Waafrika tuliikubali Cairo mwaka 1964, katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwa azimio ambalo Nyerere alilipigania, tukijua kuivuruga kungeleta vita. Mwaka 2007 mawaziri wa Umoja wa Afrika wakapanga mipaka yote iwe imewekewa alama ifikapo 2012. Tanzania na Kenya zimeshaanza kuhakiki mpaka huu kwa pamoja. Kazi ya namna hiyo ikikosa fedha mwaka mmoja, vichaka vinarudi na wapimaji wanaanza upya.

Basi bajeti ya Wizara ya Ardhi inapofika bungeni Dodoma kabla ya mwaka mpya wa fedha, wabunge wa Tanga na wa Kilimanjaro waulize fungu la mpaka ni kiasi gani na limetolewa kiasi gani. Wadai nguzo zisogezwe karibu, kila moja ionekane kutoka kwa mwenzake. Wadai kazi ya kufyeka mkuza wapewe vijana wa vijiji vya mpakani kwa ujira, kila mwaka, wakishirikiana na wenzao wa Kwale, upande wa Kenya. Na kwa yule ambaye nguzo itaangukia katikati ya shamba lake, fidia iwe imetengwa kabla saruji haijamwagwa.