Barua, Kipande na Kafala: Historia ya Mfanyakazi Kuhama Tajiri Ugenini

Katika lugha yetu maneno mengi ya kazi yametoka katika karatasi. Mtu akiajiriwa twasema ameandikwa kazi, na akiondolewa twasema amefutwa. Kibarua kwa asili ni barua ndogo. Kipande ni kipande cha karatasi, na katika Kenya neno hilo hata leo ni jina la kitambulisho cha raia. Naye mwenye kuacha kazi bila ya idhini huitwa mtoro, yaani mtu aliyeondoka na jina lake lingali limeandikwa. Makusudi ya makala haya ni kuyafuata maneno hayo katika historia, ili ionekane ya kwamba swali linalowasumbua leo watu wa Afrika ya Mashariki wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba, yaani jinsi ya kuacha tajiri mmoja na kwenda kwa mwingine pasipo kupoteza ruhusa ya kukaa katika nchi, si swali jipya. Neno tajiri nalitumia hapa kwa maana yake iliyozoewa makazini zamani, yaani yule aliyemwandika mwingine kazi.

Na tuanze na kibarua. Katika miji ya pwani, hasa Unguja na Mombasa, katika karne ya 19 walikuwako watumwa ambao bwana zao waliwakodisha kwa kazi ya siku: kupakia na kupakua mizigo, kujenga nyumba, kusafisha gundi ya sandarusi. Mtu wa namna hiyo alipewa hati ndogo ya kuonyesha ya kwamba amefanya kazi, na kwa hati hiyo ujira ulilipwa, kisha sehemu yake ikaenda kwa bwana. Jina la hati likahamia kwa mtu mwenyewe. Jambo hili ni dogo katika sarufi lakini ni kubwa katika historia. Mfanyakazi hakuitwa kwa ustadi wake, kama fundi au seremala, bali kwa karatasi iliyokuwa mkononi mwake, na karatasi hiyo ilitolewa na mtu mwingine.

Kinyume cha kibarua alikuwa mtoro. Watoro wa pwani walijenga vijiji vyao bara, na kimojawapo kilichojulikana sana ni Fuladoyo, nyuma ya Malindi. Wengine walikimbilia misheni za Kikristo, hasa Rabai. Mwaka 1888 bwana zao walipodai warudishwe, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki alikubali kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Msomaji na aangalie mpango ule. Watu wale walikuwa wamekwisha kujiondoa kwa miguu yao, na wengi walikuwa wameishi Rabai kwa miaka. Hata hivyo hawakuhesabiwa kuwa wameondoka mpaka bwana wa zamani alipopata fedha na karatasi ikaandikwa. Kuondoka kwa mwili na kuondoka kwa hati vilikuwa mambo mawili mbalimbali, na tofauti hiyo tutaikuta tena.

Utumwa ulipokwisha kisheria, mwaka 1897 katika Unguja, 1907 katika pwani ya Kenya, na 1922 katika Tanganyika, karatasi haikwisha. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulingoja mpaka siku hizo zitimie. Katika Kenya kipande kilikuwa kitu kizito zaidi. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alipaswa kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake, na watu walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Ndani yake tajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachwa, kisha akatia sahihi yake.

Nguvu yote ya kipande ilikuwa katika sahihi ile ya mwisho. Mtu ambaye kipande chake hakikutiwa sahihi ya kuachwa hakuweza kuandikwa na tajiri mwingine kwa halali. Alikuwa mtoro, na kosa lake lilikuwa la jinai, akashitakiwa kwa faini au kifungo, ingawa mapatano ya kazi kwa desturi ni jambo la madai. Tena kwa sababu mshahara wa zamani ulikuwa umeandikwa, tajiri mpya aliusoma kwanza kabla ya kutaja wake. Hivyo mtu alihamisha miguu yake lakini bei yake ilimtangulia. Ndiyo maana kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko makubwa ya chama cha Harry Thuku mwaka 1921, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi walipigwa risasi. Kipande cha Waafrika peke yao kiliondolewa kwa sheria ya mwaka 1947, iliyoleta uandikishaji wa watu wa mataifa yote.

Sasa na tuvuke bahari. Katika bandari za Ghuba, kabla ya mafuta, kazi kuu ilikuwa kupiga mbizi kutafuta lulu, na miongoni mwa wapiga mbizi walikuwamo Waafrika wengi, watumwa na waliokuwa watumwa, ambao wao au wazazi wao walichukuliwa kutoka pwani yetu. Mkuu wa chombo aliitwa nakhuda, ndiye nahodha wetu. Kabla ya msimu nahodha aliwakopesha watu wake fedha za kulisha jamaa zao, na baada ya msimu, ikiwa lulu ni chache, deni lilibaki. Mpiga mbizi hakuweza kwenda kwa nahodha mwingine bila ya hati iliyotaja deni lake au kueleza kwamba hana deni. Na nahodha mpya alipaswa kulichukua deni hilo. Hati hiyo iliitwa barwa, neno ambalo masikio ya Mswahili husikia ndani yake sauti ya barua.

Katika Bahrain, kuanzia miaka ya 1920, utawala ulio chini ya Waingereza ulijaribu kuyatengeneza mambo haya kwa kuamuru hesabu ziandikwe na kila mpiga mbizi awe na daftari lake. Biashara ya lulu ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa ajili ya lulu za kufugwa za Japani na msukosuko wa uchumi wa 1929, na mwaka 1932 wapiga mbizi wenyewe walifanya ghasia. Mwaka huo huo mafuta yalipatikana katika Bahrain. Watu wa nje wakaanza kuletwa kwa kazi, na ikahitajika mtu wa kuwadhamini. Mwanachuoni Omar AlShehabi, katika makala aliyoitoa mwaka 2019, ametoa hoja ya kwamba mpango wa kafala kama tuujuavyo ulizaliwa katika siasa hiyo ya Waingereza, wala si urithi wa kale wa Waarabu wa jangwani. Hoja hiyo yastahili kupimwa na sisi tunaokijua kipande, kwa maana twaona mkono ule ule pande zote mbili za bahari.

Yafaa neno lenyewe litazamwe. Kafala kwa Kiarabu ni kuchukua dhamana: kumdhamini mwenye deni, au kumlea yatima. Katika fikihi yako mambo matatu, mdhamini, mdhaminiwa, na yule anayepewa dhamana, na mdhamini ndiye anayebeba mzigo. Katika sheria za ukaazi zilizofuata, kama ile ya Kuwait ya mwaka 1959 na ile ya Qatar ya mwaka 1963, anayepewa dhamana ni Serikali, na mdhaminiwa ni mgeni. Mzigo wa mdhamini ukageuka kuwa uwezo wake. Yeye ndiye aliyeomba ruhusa ya mgeni kuingia, na kwa hiyo akiondoa mkono wake ruhusa ya kukaa huanguka pamoja na kazi. Katika Saudi Arabia tajiri akitoa habari ya kwamba mtu wake ameacha kazi, jambo hilo huitwa huroob, yaani kutoroka. Mtoro wa Fuladoyo na mtoro wa kipande wamepata ndugu wa tatu.

Sheria hizi zimebadilishwa, na ni haki kulisema hilo wazi. Bahrain ilitangulia mwaka 2009 kumruhusu mfanyakazi kuhama pasipo idhini ya tajiri, ingawa mwaka 2011 ikaongeza sharti la kutimiza kwanza mwaka mmoja. Oman, ambayo mwaka 2014 ilikuwa imeweka zuio la miaka miwili la kurudi nchini kwa aliyeondoka bila ya cheti cha kutokuwa na pingamizi, ilikiondoa cheti hicho tarehe 1 Januari 2021 kwa mtu aliyemaliza mkataba wake. Qatar ilikiondoa kwa sheria ya mwaka 2020, ikaweka taarifa ya mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi muda usiozidi miaka miwili, na miezi miwili kwa aliyezidi. Saudi Arabia ilianza mpango wake tarehe 14 Machi 2021: baada ya mwaka mmoja mtu aweza kuhama, akitoa taarifa ya siku 90.

Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya mlango. Mpango wa Saudi Arabia ulipoanza haukuwagusa watumishi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, wachungaji, watunza bustani na wakulima. Na mageuzi ya Bahrain ya 2009 vile vile hayakuwagusa watumishi wa nyumbani. Basi wanawake wengi waendao Ghuba kutoka Tanzania, Kenya na Uganda huenda kwa kazi hiyo hiyo. Uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch juu ya watumishi wa Kitanzania katika Oman na Falme za Kiarabu, uliotolewa Novemba 2017, ulionyesha ya kwamba mwenye kutaka kuondoka aliweza kudaiwa gharama zilizotumiwa kumleta. Hapa twaikuta tena fidia ya Rabai, ila kwamba mwaka 1888 Kampuni ndiyo iliyolipa, na leo hudaiwa mtumishi mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni la Waarabu peke yao. Uingereza mwaka 1998 iliwaruhusu watumishi wa nyumbani kutoka ng'ambo kuhama tajiri. Aprili 2012 ikaiondoa ruhusa hiyo. Mwaka 2016 ikairudisha, lakini ndani ya miezi sita tu ya viza yao. Marekani, kwa wataalamu wenye viza ya H-1B, iliamua mwaka 2000 ya kwamba mtu aweza kuanza kazi mpya mara tajiri mpya akiisha kuleta maombi, pasipo kungoja jibu. Na tangu Januari 2017 aliyepoteza kazi amepewa muda usiozidi siku 60 za kutafuta nyingine. Tukilinganisha, mhandisi hupewa siku za kupumua, na mpishi huitwa mtoro siku ile ile. Tofauti haiko katika dini wala katika bara, bali iko katika thamani anayopewa mtu na waandishi wa sheria.

Kutokana na historia hii twaweza kupata kipimo cha kupimia kibali cho chote. Kwanza, ruhusa ya kukaa imeandikwa juu ya jina la mfanyakazi, au juu ya jina la tajiri? Pili, ni sahihi ya nani inayoifunga kazi? Tatu, baina ya kazi ya kwanza na ya pili ziko siku ngapi ambazo mtu hahesabiwi mkosa? Nne, ni watu wa kazi gani waliotolewa katika sheria? Mwenye kuhama na aulize maswali haya kabla ya kutoa taarifa, taarifa yenyewe aiandike na kuweka nakala, wala asiondoke kwa tajiri wa kwanza kabla mkataba wa pili haujaandikishwa na kibali hakijahamishwa. Wakala akimwambia kwa mdomo ya kwamba mambo ni tayari, na akumbuke ya kwamba historia yote tuliyoisimulia ni historia ya karatasi.

Kanuni yenyewe imekwisha kuandikwa. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1975, ambao Kenya iliukubali mwaka 1979, wasema katika kifungu chake cha 8 ya kwamba mgeni aliyekaa kwa halali kwa ajili ya kazi asihesabiwe kuwa hana haki ya kukaa kwa sababu tu amepoteza kazi. Maana yake ni kutenga vitu viwili ambavyo kipande, barwa na kafala viliviunganisha: kuwapo kwa mtu katika nchi, na utumishi wake kwa bwana fulani.

Sisi wa lugha tuna kazi yetu katika jambo hili. Mikataba inayotiwa sahihi na vijana wetu huandikwa mara nyingi kwa Kiarabu na Kiingereza, na neno kafala hufasiriwa kwa upole kuwa udhamini, neno ambalo kwetu lina harufu ya msaada na hisani. Mfasiri aandikaye hivyo hajakosea kamusi, ila amemnyima msomaji wake habari anayoihitaji. Pengine yafaa tuseme wazi katika tafsiri, kwa sentensi nzima ikibidi, ya kwamba mtia sahihi hataweza kuacha kazi mpaka fulani apende, au ya kwamba ataweza baada ya muda fulani. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulisema hilo, na kimeyapata kwa gharama kubwa.