DHIS2 katika Kasulu na Kibondo

DHIS2 ni programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, ambayo Tanzania huitumia kukusanya takwimu za afya za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Katika Kasulu na Kibondo, wilaya za nyanda za juu za Kigoma, thamani yake kubwa ni kustahimili mtandao unaokatika: takwimu zilizoingizwa huhifadhiwa kwenye kompyuta hadi mtandao urudi. Kanuni zake za uhakiki nazo zinaweza kumwonya mwingizaji, kwa mfano, pale waliothibitika kuwa na malaria wanapozidi waliopimwa.

Atasema mtu kwamba programu haijui kilichotokea zahanatini. Ni kweli, tarakimu za uongo zinazolingana hupita. Lakini onyo humfikia mtu fomu ikiwa bado mkononi, na rejista ya zahanati ikiweza kufunguliwa ili kuhakiki. Ndiyo maana rejista hizo zisitupwe.