Kamba za bibi yangu wa Jambiani

Bibi yangu alikuwa akiepua sufuria ya wali kwa mikono mitupu. Hatafuti kitambaa wala jani la mgomba: anaishika ukingoni, anaitua chini taratibu bila papara, kisha anatugeukia sisi wajukuu tuliokodoa macho na kuangua kicheko. "Mnashangaa nini? Mkono wa kamba hauungui."

Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kisigino. Alipokupangusa machozi ulihisi umepitishwa msasa, ukasahau ulichokuwa ukililia.

Jambiani iko pwani ya mashariki ya Unguja, kusini, kwenye nchi ya maweni. Karafuu ni za wenzetu wa Pemba na wa upande wa magharibi wa kisiwa. Sisi Mungu katupa mawe, minazi na bahari, na wanawake wa kwetu wakatafuta cha kufanya na hivyo vitatu kwa pamoja. Nazi ikishafuliwa kwenye kifuo, kwingine makumbi huwa kuni. Kwetu yanapelekwa pwani.

Maji yakitoka, kila mwanamke anakwenda kwenye shimo lake. Mgeni haoni kitu pale, ni mchanga, tope na mawe tu. Lakini bibi alilijua shimo lake kama alivyoujua mlango wake, na la shoga yake lililo hatua tatu pembeni alilijua vilevile, na sijapata kusikia kesi ya mtu kufukua makumbi ya mwenzake. Yanafukiwa, yanalazwa mawe juu ili mawimbi yasiyachukue, yanaachwa. Wengine huacha miezi mitatu, wengine sita na zaidi. Chini kule, ndani ya tope la chumvi lisilopata hewa, nyama ya kumbi inaoza na nyuzi zinabaki. Siku ya kuyafukua, harufu yake usiombe. Ni kama yai viza, tena mayai mia. Bibi alikuwa akiniita kwa makusudi nikiwa nimetoka kuoga, nimevaa kanzu ya kwenda chuoni: "Njoo weye mume wangu, njoo unuse uturi wa mkeo."

Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani, na mtani wangu hakuwa na huruma.

Baada ya hapo makumbi hupigwa kwa gongo juu ya jiwe mpaka maganda na vumbi vitoke, yakoshwe, yaanikwe. Kinachobaki ndio usumba, wa rangi ya dhahabu iliyofifia. Ndipo kazi ya viganja inapoanza. Anachota nyuzi kidogo kwa mkono wa kushoto, anaziweka kati ya viganja viwili, anasukuma mbele. Nyuzi zinajizungusha, zinashikana, anaongeza nyingine kabla za kwanza hazijaisha. Macho yake hayako kwenye kamba hata kidogo. Yako kwa mpita njia, yako kwa kuku anayenyemelea mchele, yako kwangu mimi ninayedanganya kwamba nimesoma. Kamba inajisogeza yenyewe mapajani kama nyoka mpole.

Ukisoma habari za zamani za pwani hii utaikuta kamba hiyo kila mahali, ila hutamkuta aliyeisokota. Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki aliyeandika mwongozo wa safari za bahari hizi katika karne ya kwanza alitaja bandari ya Rhapta, akaeleza kwamba jina lake limetokana na vyombo vyake vya kushonwa. Watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 nao waliandika juu ya majahazi yasiyo na misumari, mbao zimeshikwa kwa kamba. Mtepe wetu, uliosafiri na tanga la mkeka mpaka karne ya 20, ulishonwa vivyo hivyo. Hapo hatujahesabu kamba za nanga, za kufungia mapaa ya nyumba za makuti na za kuwambia vitanda. Manahodha tunawasifu, mafundi tunawasifu. Lakini pima kwa pima za kamba zilitoka kwenye viganja, na naamini vingi vilikuwa vya wanawake wa vijiji kama vyetu, waliokaa barazani huku wakimwangalia kuku.

Nilimpeleka bibi mara moja kuona mfano wa mtepe uliokuwa umewekwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, mjini, miaka mingi kabla sehemu ya jumba lile haijaporomoka Desemba 2020. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Nikamweleza ya Wagiriki, nikamweleza ya Wareno. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye mishono, akaibinya kamba kwa kidole gumba, akaifuata kidogo, akainusa.

"Nzuri," akasema. "Nani kaisokota?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Babu alifariki mama yangu akiwa na miaka saba, na hii nasimulia kama nilivyosimuliwa na mama. Bibi alikaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Makumbi yalikuwa tayari shimoni na watoto watano walikuwa tayari wana njaa. Siku ya tatu ya bamvua wanawake wa mtaa wakaenda wakayafukua bila kumwambia, wakayapiga, wakayakosha, wakaanika, wakaja kumwaga usumba katikati ya chumba chake. Alisokota eda nzima. Mama anasema usiku walilala kwa mlio ule wa viganja, shwa, shwa, na kwamba ndani ya mwezi wa pili walimsikia akicheka peke yake gizani. Walipomuuliza alisema amekumbuka jinsi baba yao alivyoanguka mnazini akadai ameteremka kwa haraka tu.

Eda ilipokwisha, kamba ya kwanza hakuiuza. Aliikata vipande, akampelekea kila aliyefukua.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani kikaja. Mbegu zilitoka Ufilipino, ingawa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameuchunguza mwani wa pwani yetu miaka mingi kabla. Paje na Jambiani zilikuwa za mwanzo. Wanawake wakapiga vigingi baharini, wakafunga vichipukizi kwa vikamba vya tai-tai, wakaanika mavuno mchangani. Mabati yakapanda juu ya nyumba, sare za shule zikanunuliwa, makabati ya vyombo yakaingia. Mashimo mengi ya makumbi yakasahauliwa. Bibi alilima mwani kama wenzake, lakini shimo lake hakuliacha, na wakamcheka. Yeye kilichomchekesha ni kamba za nailoni: "Sisi wa kusokota kamba, leo tunauziwa kamba!"

Kuanzia miaka ya 2000 kotonii, ule mwani wenye bei, ukaanza kufa shambani maji yakizidi joto. Ukabaki spinosamu, ambao bei ya kilo yake ilikuwa ya kusikitisha. Waliocheka wakarudi barazani kwa bibi, naye akawagawia usumba wake wasokote wakati makumbi yao mapya yakisubiri chini ya tope. Sikumsikia akiwakumbusha neno. Kusema kweli alikumbusha mara moja, kwa wimbo wa kubuni, na mlengwa alicheka kuliko wote.

Wanunuzi walikuwapo, maana hoteli za pwani zilitaka mapaa ya makuti yaliyofungwa kwa kamba ya asili. Mmoja alikuwa akija na kijana mrefu wa kupimia. Kamba kwetu huuzwa kwa pima, urefu wa mikono iliyonyooshwa, na mikono ya kijana yule ilikuwa haiishi. Bibi alimwacha mara mbili. Mara ya tatu akaniita, nami nilikuwa mdogo na mfupi kwa umri wangu.

"Leo atapima mume wangu. Ndiye mwenye mali."

Nikanyoosha mikono yangu. Baraza zima likavunjika mbavu, mnunuzi mwenyewe akakaa chini kwa kicheko, na tangu siku ile akaja na kijiti kilichokatwa kwa pima ya mtu wa kawaida.

Bibi ametutoka. Chumbani kwake kimebaki kitanda alichokiwamba mwenyewe, kile watu wanachokiita teremka tukaze, kwa kuwa kamba hulegea ukilala na kila baada ya muda lazima ushuke ikazwe. Idi iliyopita nililala humo, na alfajiri nikajikuta mgongo unakaribia sakafu. Niliwauliza vijana wa nyumba nani anajua kukaza. Wakatazamana. Mmoja akashauri godoro.

Mama mdogo alitoka jikoni, unga mikononi, akasimama mlangoni akinitazama nilivyozama.

"Teremka," akasema, akajifunga kanga kiunoni.

Akashika ncha ya kamba, akaweka mguu kwenye ubao wa kitanda, akavuta.