Kiungo Kisicho na Jina Buchani

Mwezi uliopita, saa moja asubuhi, kwenye kibanda cha supu jirani na Soko la Kariakoo, nilimuuliza jamaa kama ana kongosho. Akaacha kukata nyama, akanitazama. "Braza, hapa kuna utumbo, maini, figo, bandama na moyo. Hiyo nyingine ndo nini?" Nikamweleza: iko nyuma ya tumbo la chakula, ndefu kama kiganja, laini, rangi yake haieleweki. "Aah," akasema, "hiyo inaondoka na mafuta. Haina mteja."

Jina lipo, tumelisoma darasani. Mtaani ndo halipo. Tunasema fulani ana sukari, au sukari imempanda, wala hatusemi sukari inapandia wapi. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka nilipoanza kuchimba historia ya kisukari katika jiji hili, nikitafuta habari ya kuandika. Nikakutana na habari ya nyumbani kwetu.

Tuanze na kazi yake. Kongosho ina biashara mbili chini ya paa moja. Ya kwanza ni ya chakula. Chukua sahani ya chipsi mayai. Ikishatoka tumboni na tindikali yake, kongosho inamwaga maji yake kwenye utumbo mdogo, lita moja na ushei kwa siku. Maji hayo yana magadi ya kupoza ile tindikali, na yana vimeng'enya: kimoja kinavunja wanga wa viazi, kingine mafuta, vingine protini ya mayai. Bila hayo, chakula kinapita tu na mtu anakonda huku anakula.

Biashara ya pili haipiti kwenye mfereji wowote, inaingia moja kwa moja kwenye damu. Mwaka 1869, mwanafunzi wa Berlin aitwaye Paul Langerhans aliona ndani ya kongosho vikundi vidogo vya seli visivyofanana na vingine. Hakujua kazi yake. Leo tunaviita visiwa vya Langerhans. Ni kama asilimia 1 au 2 tu ya kiungo chote, lakini humo ndimo inamotoka insulini, homoni inayofungulia sukari mlango wa kuingia kwenye seli, na glukagoni, inayoliambia ini litoe akiba ya sukari tukikaa na njaa.

Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa akaanza kukojoa kupita kiasi, na mkojo ukakutwa na sukari. Ndipo ikajulikana kisukari kinatokea wapi. Ikachukua miaka 32 mingine kupata dawa. Mwaka 1921, Toronto, Frederick Banting na Charles Best, wakiwa kwenye maabara ya Macleod, walikamua insulini kutoka kwenye kongosho, na Collip akaja kuisafisha. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano na akaishi. Haki za ugunduzi ziliuzwa kwa chuo kikuu kwa dola 1 kwa kila mwenye jina, ili dawa isije ikawa ya matajiri.

Na kwa miaka kama 60 iliyofuata, insulini ya dunia ilitoka machinjioni, kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Yaani ile nyama isiyo na mteja Kariakoo ndiyo iliyokuwa inawaweka watu hai.

Sasa tuje Dar. Kuanzia 1981 madaktari wa Muhimbili, akiwemo Donald McLarty na Andrew Swai, walianza kumfuatilia kila mgonjwa mpya wa kisukari. Kufikia 1987 walikuwa na wagonjwa 1,250, na mwaka 1990 matokeo yakachapishwa Uingereza. Mwaka mmoja kabla, timu hiyo ilikuwa imepima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita na kukuta wenye kisukari hawafiki asilimia 1. Mwaka 1991 Kaushik Ramaiya na wenzake wakaonyesha kwamba katika jamii za Wahindu kiwango kilikuwa juu zaidi kwa mbali, tena kikitofautiana jamii na jamii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Kisukari hakikuwa tena ugonjwa wa wenye maduka.

Lakini karatasi iliyonikalisha chini ni ya 1992. Samuel Chale, Swai, Mujinja na McLarty walipiga hesabu ya matibabu na kuuliza kama ni lazima kisukari kiue Afrika. Kwa mwaka 1989 hadi 1990, mgonjwa wa insulini aligharimu wastani wa dola 287 kwa mwaka, na dola 156 kati ya hizo zilikwenda kwenye insulini yenyewe. Ile dawa ya dola 1.

Mwaka 1997 mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na miaka saba. Tuliishi nyumba moja, Mtaa wa Nyamwezi. Alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Akarudia kukojoa kitandani, akachapwa. Akakonda. Siku ya mwisho alikuwa anatapika na kuhema kwa nguvu, tukampeleka zahanati, wakasema malaria imepanda kichwani. Wakamtundikia dripu ya kwinini. Alfajiri akafariki.

Zamani hizo kwinini ilichanganywa kwenye maji ya glukosi, kwa sababu inaichokoza kongosho itoe insulini nyingi na sukari ikashuka ghafla. Utaratibu ulikuwa sahihi, kwa mtoto mwenye malaria. Kwa mtoto ambaye visiwa vyake vimeshakufa, ni kuongeza sukari juu ya sukari. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu hakuna aliyempima mkojo. Kile kijikaratasi cha kuchovya kingetoa jibu kwa dakika moja.

Siilaumu zahanati ile. Homa mjini ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na ugonjwa ambao kiungo chake hakina jina mtaani nani angeuwaza kwa mtoto mdogo? Ninachoomba ni kidogo: mtoto akinywa maji kupita kawaida, akakojoa sana na akakonda, usimchape. Mpeleke, na useme wewe mwenyewe: mpimeni sukari.

Mama mdogo yuko Tabata sasa. Kila mwaka anasoma hitima, na akiulizwa anasema malaria. Nimeenda kwake mara tatu tangu nisome karatasi zile. Tunakunywa chai, tunaongea mengine. Bado lile sijamwambia, kwa sababu atakayeikumbuka ile fimbo ni yeye.