Kijana wako akipata ajali ya pikipiki: gharama za matibabu

Mama, mtoto wa miaka 15 akiazima pikipiki ya mjomba wake na kuanguka, swali la kwanza nyumbani huwa bei ya upasuaji. Hesabu huanza kabla ya hapo: usafiri, eksirei, dawa, pengine damu. Mfupa wa paja uliovunjika mara nyingi huwekewa chuma, na kupona huchukua miezi. Kuna magongo, nauli za kliniki, mazoezi ya viungo. Na genge lako limefungwa kwa sababu unauguza. Hasara hiyo haina risiti.

Wengi hudhani bima ya pikipiki italipa. Hapa Tanzania bima ndogo, ile ya lazima, ni kwa ajili ya aliyegongwa, siyo ya aliyeendesha.

Fomu ya PF3 huchukuliwa polisi. Lakini kama anavuja damu nyingi au hana fahamu, mpeleke hospitali kwanza. Fomu ifuatwe na ndugu mwingine.

Naomba usimtoe wodini kumpeleka kwa mganga wa mifupa ili kuokoa pesa. Naelewa kwa nini watu hufanya hivyo. Mfupa ukiunga vibaya, huenda ukahitaji kuvunjwa na kupangwa upya, na hapo utalipa zaidi.

Ukiona hutaweza kulipa, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, mgonjwa akishalazwa. Wengi humtafuta siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshakuwa kubwa.